Nyanya ataka maji ya Tana, nikampelekea ya Sabaki akanirudishia chupa. Alijuaje?

kijana_wa_Barani:

Hamjambo jamaa. Nauliza kwa aibu kidogo lakini nauliza, manake hapa nyumbani kila nikifungua mdomo nachekwa.

Mimi kwa baba ni Mswahili wa hapa Malindi, Muislamu, kwa mama ni Mpokomo. Nyanya yangu mzaa mama alizaliwa kando ya mto Tana, upande wa Ngao, na sasa yuko kwetu hapa Barani, macho hayaoni vizuri lakini akili iko pale pale na mdomo pia. Mwezi uliopita mke wangu alijifungua, kitukuu wa kwanza huyo. Siku ya tatu nyanya akaniita, akaniambia mjukuu wangu, arobaini ya huyu mtoto nataka maji ya Tsana (yeye hasemi Tana, ni Tsana), chupa moja tu, nimpake usoni na miguuni ajue katoka wapi. Nikamwambia sawa nyanya, hiyo kazi ndogo.

Sasa ukweli ni kwamba sikwenda. Kutoka hapa mpaka Garsen ni kilomita mia na ushee, nauli ya kwenda na kurudi, siku nzima imepotea na mimi ni mtu wa kibarua, siku sikuonekana silipwi. Nikaona mto ni mto. Nikapanda boda mpaka Sabaki, yule jamaa akanipeleka huko chini karibu na mlangoni mwa mto kwenye njia ya mchanga, nikajaza chupa ya lita moja nikaipanguza vizuri nikaitia mfukoni. Maji yenyewe rangi ya chai ya maziwa, nikasema hata ya Tana si yana udongo vilevile, nani atajua.

Nikamkabidhi. Akafungua, akanusa, akatia kidole akaonja, akanyamaza kidogo, halafu akafunga kizibo akanirudishia. "Haya ni ya watu wengine. Wapelekee wenyewe." Basi. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonimaliza. Ni wiki mbili sasa hajalitaja tena na chupa iko juu ya friji.

Naomba mnisaidie. Alijuaje? Na hata akijua, kwani tofauti ni nini? Maji si maji jamani? Na yeye si mtu wa mambo ya waganga, kanisani kila Jumapili mpaka tumpeleke na tuktuk.

---

fundi_mabomba:

Hahaha kaka umenichekesha asubuhi asubuhi. Hilo la kwanza nakujibu mimi, halina uchawi wowote. Umesema ulichota karibu na mlangoni. Pale maji yakijaa bahari inaingia ndani, kwa hivyo umempelekea nyanya maji ya chumvichumvi. Mtu aliyekulia kwenye maji baridi akionja hayo kidole kimoja kinatosha. Ungechota juu zaidi, ng'ambo ya darajani kuelekea bara, labda ungepona.

Lakini hilo la pili ndilo tamu, hebu nikuelezee manake nimefanya kazi za maji miaka mingi. Wewe hapo Barani ukifungua mfereji unakunywa nini? Unakunywa Sabaki. Maji ya Malindi yanatoka visima vya Baricho, vimechimbwa pale pale kando ya mto, na bomba linaendelea mpaka Kilifi na Mombasa. Kwa hivyo nyanya anakunywa hayo "ya watu wengine" kila siku kwenye chai na hajasema neno!

Sasa shika hapa. Sabaki ni jina la huku kwetu tu. Huko juu unaitwa Athi, ukikutana na mto Tsavo unaitwa Galana (ambalo kwa Kiorma maana yake ni mto tu, yaani tunasema "mto Mto" bila kujua), ukifika huku pwani ndio Sabaki. Na mto Nairobi unamwagika wapi? Athi. Uchafu wote wa jiji, sabuni, mafuta, vyoo, njia yake ni hiyo, unateremka mpaka Mambrui hapo kwenye viboko.

Haya, Nairobi wenyewe wanakunywa wapi? Sehemu kubwa ni bwawa la Ndakaini, liko kwenye mto Thika. Na Thika inaingia Tana. Umeona? Jiji linakunywa Tana halafu linatapikia Athi. Kwa hivyo ukipiga hesabu ya fundi, kwenye ile chupa yako matone ya Tsana yalikuwemo. Ila yamepita tumboni mwa Nairobi kwanza.

---

kijana_wa_Barani:

Wewe! Hiyo ya Nairobi sikuijua kabisa. Sasa hata nikimwambia nyanya hivyo si ndio atazidi kukasirika.

---

ngao_damu:

Usimwambie kabisa hayo ya tumbo la Nairobi, utamuua bibi wa watu.

Mimi ni wa huko huko kwenu, nafanya kazi Malindi, na nimesoma hii posti yako nikamkumbuka marehemu babu. Fundi amejibu habari ya maji, na kwa maji yuko sawa. Ila nyanya yako aliomba Tsana na nyinyi mnazungumza maji.

Babu yangu hakujua kaskazini wala kusini. Alijua juu na chini. Juu ni kule mto unakotoka, chini ni kule unakokwenda, na Wapokomo wenyewe tumegawanyika hivyo hivyo, wa juu na wa chini, na ukishajua mtu ni wa juu au wa chini na yuko ukingo gani umeshajua nusu ya habari zake, ukoo wake, lugha anavyoitamka, hata dini yake mara nyingi, manake wa juu wengi ni Waislamu na wa chini kwetu wamisheni walikuja kitambo sana, tangu miaka ya 1880, ndio maana nyanya yako ni mtu wa kanisa. Shamba nalo halikupimwa kwa eka. Lilikuwa kipande chembamba kinaanzia ukingoni kinaingia ndani, ili kila mtu apate kugusa mto. Nyuma ya shamba huko ni nyika, huko hakuna anayekuhitaji.

Na mto ulikuwa na saa zake. Unapanda mwezi wa nne wa tano, unapanda tena mwisho wa mwaka. Unafurika, unaingia mashambani, mnahama na mitumbwi mnakaa kwenye miinuko, halafu unarudi kitandani kwake na kuacha lile tope jeusi laini kama siagi, hapo ndipo unapanda mpunga na mahindi, bila mbolea, bila kulima sana. Mtu wa bara akisikia mafuriko anaogopa. Kwa wazee wetu mwaka ambao mto haukutoka nje ndio uliokuwa mwaka wa njaa. Sasa mtu kama huyo, chakula chake chote kinaletwa mlangoni na mto mara mbili kwa mwaka, unadhani atauita maji?

Halafu yakaja mabwawa huko juu. Kindaruma 1968, Kamburu, Gitaru, Masinga 1981 ndilo kubwa lililoushika mto sawasawa, Kiambere 1988. Umeme tumepata Kenya nzima, sikatai, ingawa vijiji vingi vya huku walikaa gizani miaka na miaka huku nyaya zinapita juu ya vichwa. Lakini tope lile linabaki huko Masinga. Mto unakuja lakini mikono mitupu. Na ukija kwa hasira, kama 1997 na tena 2023 na 2024, unakuja bila kupiga hodi manake mabwawa yamejaa yanamwaga yote pamoja. Ukitaka nyanya azungumze, muulize mto ulikuwaje kabla ya Masinga. Tenga jioni nzima.

Wazee walikuwa na baraza lao, Gasa, ndio waliokuwa wakihukumu mambo ya ardhi na ya mto na ya uchawi, na walikuwa na ngoma yao kubwa, ngadzi. Hiyo haikuwa ngoma ya kuchezea arusi. Ilifichwa msituni na wachache tu waliruhusiwa kuiona, wengine mliisikia tu sauti ikija kwa mbali usiku. Wazungu wakaichukua mwanzoni mwa karne iliyopita, na tangu 1908 iko British Museum huko London, stoo, hata haijatundikwa watu waione. Wazee wanaidai mpaka leo. Nakwambia hivi ujue kwamba nyanya yako ametoka kwa watu ambao vitu vyao vilibebwa, na mto ndio kitu kimoja ambacho hakikuwezekana kutiwa kwenye sanduku. Sasa wewe ukamletea chupa ya mto mwingine ukidhani hataona, mwanangu!

Na kabla hujasema Wapokomo hatuna kitu, ule wimbo wa taifa mnaosimamia, tuni yake ni ya bembelezi ya Kipokomo. Kila mtoto wa Kenya anaimba sauti iliyotungiwa kumnyamazisha mtoto ukingoni mwa Tsana. Kwa hivyo huyo mwanao naye aguswe maji yake, ana haki.

---

nesi_wa_zamu:

Hongereni kwa mtoto. Samahani naharibu hadithi: hayo maji ya mto, ya Tana ama ya wapi, yasiingie mdomoni wala machoni mwa mtoto wa siku arobaini, wala kwenye kitovu kama hakijapona vizuri. Taifodi, kuhara, kichocho, vyote viko humo. Chemsha, yapoe, ndio mpake. Na wewe ukienda kuchota usiingie mguu peku.

---

ngao_damu:

Chemsha tu. Tsana haiungui.

---

mpole_tu:

Assalamu alaikum. Ndugu mwenye posti umesema wewe ni Muislamu kwa baba. Naomba nikukumbushe kwa upole, maji ambayo tumepokea kwa hadithi kuwa yana baraka ni Zamzam. Ikiwa nyanya anaitakidi kwamba mto unaleta heri au unakinga shari wenyewe kwa nafsi yake, hapo pana tatizo na ni wajibu wako kama baba wa mtoto. Ikiwa ni kumbukumbu tu na mapenzi ya asili yake, hiyo ni kama mtu kuleta tende za kwao. Muulize nia yake. Lakini muulize kwa adabu, ni nyanya.

---

bin_Amu:

Waalaikum salaam sheikh wangu. Umenena vyema na umenena kwa heshima, lakini huku Amu (Lamu) tusijifanye tumezaliwa jana. Bibi zetu siku ya mwaka wakenda kuoga baharini alfajiri, wake kwa waume, na mui (mji) ukizungushwa ng'ombe, yuwapitishwa ndia zote mpaka auzunguke mui mzima masheikh wakisoma, kisha achinjwe watu wale. Na hao walokuwa wakisoma ni wanazuoni, si waganga. Sasa zama zimebadilika, wengi wameacha, sawa. Mimi sisemi ni halali au si halali, mimi nasema mtu wa pwani na mai wana maneno yao ya zamani.

Nilokuja kusema ni jambo lingine, manake mnazungumza Tana kana kwamba ni mali ya Garsen pekee. Mto hunu unamwagikia wapi? Kipini. Na Kipini ni kwetu. Nafaka ya Tana ikishuka Kau na Kipini ikaja Lamu kwa majahazi, mui wetu ukila mto huo miaka mingi.

Lakini mwajua kwamba zamani Tana haukuwa ukitoka Kipini? Ulikuwa ukitoka kusini zaidi. Pale Kau palikuwa na mto wake mwingine mdogo, mto Ozi. Watu wa mitumbwi wakitoka Tana kwenda Kau wakipata taabu, mlango wa Tana wenyewe una mawimbi mabaya, basi karne ya 19 kukachimbwa mfereji, waitwa Belezoni, kuunganisha Tana na Ozi. Mfereji mdogo tu, wa mtumbwi kupita, wa kuchimbwa kwa mikono. Basi mto ukapaona pale. Ukaingia kidogo, msimu mwingine ukaingia zaidi, ukala kingo, mwisho Tana yote ikafuata ndia ya mfereji ikahamia kwa Ozi, ikautwaa mto wa watu pamoja na mlango wake. Sasa wewe ndugu wa Ngao waniambia juu na chini kana kwamba hazibadiliki. Chini ilibadilika! Kwa jembe.

Na habari nyingine ya mai ya huko: Fumo Liongo, yule shujaa wa hadithi za kale, kaburi lake hutwambia liko Kipini. Wazee wakisimulia alipochomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe, hakuanguka. Alikwenda mpaka kisimani, akapiga goti, akatia mshale kwenye uta, akafa vile vile ameuvuta. Watu wakimuona wakidhani yu hai, na kina mama hawakuthubutu kuteka mai siku kadha. Mui mzima na kiu kwa maiti ya mtu mmoja. Tangu utotoni mimi hadithi hiyo haikunitisha kwa sindano, ilinitisha kwa ile ndoo tupu.

Babangu alikuwa baharia, na wakipita ghuba ya Ungwana msimu wa mvua bahari yageuka kahawia maili na maili, nahodha akiona rangi ile aliwaambia vijana someni fatiha, tumefika kwa mwenyewe. Mwenyewe nani, mimi sijui. Sikuuliza na sasa hayuko.

---

ngao_damu:

Belezoni naijua bwana, na wazee wetu wanasema waliochimba hawakuwaomba ruhusa wenye mto. Lakini hebu fikiria, watu walichimba kijifereji ukawafuata mto mzima. Huo ni mto unaosikia au hausikii?

---

bin_Amu:

Ni mto unaotafuta pa kuteremkia, kama mito yote. Lakini nakupa hiyo moya, umeisema vizuri.

---

hawe_kadzo:

Nimesoma yote kimya kimya toka asubuhi nikingoja mtu mmoja tu aseme la maana kuhusu Sabaki, naona mmeufanya choo cha Nairobi mkaendelea na safari zenu.

"Ya watu wengine." Huyo nyanya ni mtu wa heshima, yeye peke yake hapa amejua kwamba mto ule una wenyewe. Na wenyewe ni sisi, Agiriama. Enyi vijana wa Malindi mnapita pale darajani mkienda Mambrui na Gongoni kila siku na hata hamgeuzi shingo.

Wazee wetu walivuka Sabaki wakaingia ng'ambo ya kaskazini, kule Magarini na mbele, manake ardhi ilikuwa na rutuba, wakalima mahindi wakauza, hawakuwa na haja ya kibarua cha mtu. Hilo ndilo lililowaudhi serikali ya Waingereza, walitaka watu wa mashamba ya mkonge na pamba na vijana wa kubeba mizigo ya vita. Mekatilili wa Menza, mama wa Kigiriama, akasimama akacheza ngoma ya kifudu akazunguka akawaapisha watu, 1913 wakamshika wakampeleka mpaka Kisii, akatoroka akarudi kwa miguu. 1914 wakalipua Kaya Fungo, mahali petu patakatifu msituni, kwa baruti. Halafu adhabu ilikuwa nini? Adhabu ilikuwa mto. Waliamriwa wote walio kaskazini ya Sabaki wavuke warudi kusini, nyumba zikachomwa, mbuzi wakachukuliwa kuwa faini. Yaani mto ambao mtu aliuvuka na jembe begani akageuziwa kuwa ukuta. Walikaa upande ule wakiyaona mashamba yao ng'ambo. Baadaye walirudi, polepole, na Mekatilili mwenyewe kaburi lake liko Bungale, Magarini, kaskazini ya mto. Kaskazini! Mnaelewa maana ya hilo au nirudie?

Hawe wangu, mama yake babangu, tukivuka kwenda huko alikuwa akinyamaza darajani. Tungekuwa tunapiga kelele kwenye matatu, yeye kimya mpaka tuishe daraja, ndipo anaendelea na maneno yake pale pale alipoyaachia. Sikuwahi kumsikia akitaja koma (mizimu) wala pepo la mto. Alikuwa ananyamaza tu.

Kwa hivyo kijana, nyanya amekwambia wapelekee wenyewe. Umepeleka?

---

kijana_wa_Barani:

Mama shikamoo. Hapana, bado iko juu ya friji.

---

fundi_mabomba:

Mama Kadzo nisamehe, sikumaanisha vibaya, mimi mwenyewe mto ule ndio unaolisha watoto wangu. Nilikuwa nataka tu kuonyesha maji yanavyochanganyika. Na kusema kweli hilo la udongo linaniuma. Ule wekundu mnaouona bahari ya Malindi msimu wa mvua, mpaka watalii wanauliza kama ni damu, ni mashamba ya Ukambani na huko juu yanateremka. Ufuo wetu umezidi kuwa mpana, bahari inasogezwa mbali na mji, na matumbawe kule kwenye mbuga ya bahari yanafunikwa. Kumbe Tana tope lake limefungiwa Masinga watu wanalililia, Sabaki tope lake limeachiliwa mpaka linakera. Ningekuwa na uwezo ningebadilisha tope la huku na la huko.

---

hawe_kadzo:

Umesamehewa. Lakini hilo neno "kutapika" ulifute.

---

kijana_wa_Barani:

Jamaa nimerudi na habari. Nilikwenda. Jumapili nilipanda gari la saa kumi na mbili asubuhi, Gongoni, Marereni, Garsen, hapo nikachukua boda mpaka mtoni. Nilikuwa nimebeba chupa tatu manake ngao_damu alinitumia ujumbe kando akaniambia chupa moja haitoshi, nyanya wengine wakisikia watataka.

Nilidhani nitaona kitu kikubwa. Nikakuta kina mama wanafua, watoto wanaoga pale kwenye maji mafupi huku mmoja amewekwa juu kuangalia mamba, jamaa anavusha baiskeli na kuku kwa mtumbwi. Nikasimama na chupa zangu kama mtalii. Mama mmoja akaniuliza unachota ya nini, mbona kuna mfereji kituoni, nikamweleza. Hakushangaa hata kidogo. Akaniuliza nyanya ni wa ukoo gani, nikamtajia, akasema basi usichote hapo watu wanafulia, akanipeleka juu kidogo hatua kama hamsini akanionyesha mahali, akaichukua chupa akajaza yeye mwenyewe. Alipomaliza hata hela ya soda alikataa.

Nyumbani nikamkabidhi nyanya. Akanusa, akaonja tena kwa kile kidole (nesi nisamehe nilichelewa kumzuia). Mimi moyo unanidunda kama naletewa matokeo ya mtihani. Akasema, "Yamekuwa mepesi." Nikamuuliza mepesi vipi, akasema zamani ukiyaacha kwenye mtungi usiku, asubuhi chini kuna tope la kiganja kizima. Halafu akasema, "Lakini ndiyo." ngao_damu naona ndio yale uliyosema ya Masinga, na sikuwa nimemwambia chochote.

Tukachemsha, yakapoa, arobaini ikafanyika. Baba alisoma dua yake kwanza, nyanya naye akaomba kwa njia yake, kisha akampaka mtoto paji la uso na nyayo, akamtajia majina, yake, ya mamake, ya mama wa mamake, alifika saba au nane akasimama, akasema wengine atawajua mwenyewe. Sheikh mpole_tu nilimuuliza ile nia kama ulivyosema. Akanitazama akaniambia, "Nia gani, wewe ukikutana na mtu huamkui?"

Mtoto alilia mwanzo mpaka mwisho kwa sababu maji yalikuwa ya baridi.

---

mpole_tu:

Mashallah. Allah amkuze.

---

bin_Amu:

Amin. Hizo chupa mbili zilobaki usiziuze.

---

hawe_kadzo:

Hongera sana kijana, nimefurahi. Na chupa yetu?

---

kijana_wa_Barani:

Mama, kesho nikitoka kazini napitia Sabaki naimwaga, wallahi.

---

hawe_kadzo:

Kesho yako tunaijua, si ndiyo hiyo iliyompelekea nyanya maji ya chumvi. Na usiimwage mlangoni, panda juu, upite daraja. Ukishindwa niambie, Barani nina binamu hapo, nitamtuma aje kuichukua.